Wapokezi wa Shwarini

Wapo waliokwenda Shwarini wakabaki huko, na wapo waliorudi. Sikitu binti Mhina ni wa hao waliorudi, yeye na mumewe Mwinjuma. Yaliyowapata aliwasimulia shoga zake huku akipepeta mchele, nao wakayafikisha kwetu. Safari yenyewe haina habari: walikwenda, wakachoka, wakafika. Habari inaanzia langoni. Lakini kwanza tuseme walikuwa watu gani.

Mwinjuma alikuwa mnyapara kwenye shamba la mkonge, katika banda la mashine inayochuna majani mpaka zibaki nyuzi tupu. Alikuwa mtu mpole, mpana wa mabega, mwenye kupenda kula na kupenda wageni. Kisha, bila mtu kujua sababu, akaanza kupungua. Kifua kilimbana akiwa amekaa tu barazani. Asubuhi king'ora cha shamba kikilia, viganja vyake vililowa jasho. Hospitalini walimpima moyo, wakamwambia ni mzima, naye akarudi nyumbani na hofu zaidi ya aliyokwenda nayo, maana sasa hata jina la ugonjwa hakuwa nalo.

Sikitu alikuwa akimuuliza, "Baba Riziki, una nini?"

Naye alikuwa na jibu lile lile. "Si kitu."

Mwanzoni walicheka, kwa kuwa hilo ndilo jina la mkewe, ikawa kama mtu kaulizwa ana nini akajibu ana mke. Baadaye hawakucheka tena. Sikitu akaanza kulichukia jina alilopewa na bibi yake. Kwa hiyo waliposikia kuna nchi ambayo wasiwasi umefukuzwa kabisa, watu wazima wanatibiwa mwili na roho kwa pamoja, ni Sikitu aliyefunga mizigo.

Langoni walipokewa na Bwana Raufu, Msimamizi wa Wageni, mtu nadhifu aliyezungumza kwa sauti ya chini, kama kuna mtoto amelala karibu.

"Mmepumua?" aliwauliza, kwa maana ndivyo wanavyosalimiana Shwarini. Wakaelekezwa wajibu, "Tumepumua."

Bwana Raufu akawaeleza sheria ya kwanza ya nchi, ambayo ilichongwa juu ya lango: KILA MTU MZIMA AWE MZIMA. "Kwenu," alisema, "mtu akiumwa tumbo hutibiwa tumbo, akiumwa kichwa hutibiwa kichwa. Sisi hatutibu kipande. Tunamtibu mtu wote."

Sikitu alifurahi kusikia hivyo. Ilimchukua muda kuelewa namna walivyomtibu huyo mtu wote. Kulikuwa na Nyumba ya Pumzi, Nyumba ya Usingizi, Nyumba ya Chakula na Nyumba ya Nyayo, na mgonjwa alizunguka kote. Katika Nyumba ya Usingizi Mwinjuma alieleza kwamba halali kwa sababu kifua kinambana, na afisa akamjibu kwa upole kwamba kifua si chao, ni cha Pumzi. Pumzi wakamfundisha kuvuta hewa taratibu na kuiachia taratibu zaidi, na kwa kweli ilimsaidia, lakini alipotaja chakula walijiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha. Nyumba ya Chakula ilimpiga marufuku kahawa na kumpa chai ya mchaichai. Nyumba ya Nyayo ilimtembeza pekupeku kwenye majani yenye umande. Kila nyumba ilikuwa na dawa nzuri, na kila nyumba ilidai kwamba ikiwa mgonjwa atapona, amepona kwake.

"Na wewe, bibie?" Bwana Raufu alimgeukia Sikitu. "Una hofu gani?"

"Mimi sina. Mgonjwa ni huyu."

Bwana Raufu alimtazama kidogo, akaridhika. Akamwambia ataitwa msindikizaji, kazi yake ni kukaa vizuri. Kisha akamsomea sheria ya nyumba, ambayo Washwari wanaiheshimu kuliko zote: mke asimuulize mumewe ana nini, wala mume asimuulize mkewe, wala mmoja asimweleze mwenzake hofu yake. Watakaovunja watatolewa nchini siku hiyo hiyo, na tiba yao imekwisha.

"Kwa nini?" Sikitu aliuliza.

"Hofu inaambukiza," alisema Bwana Raufu. "Ukiigawa kwa watu wawili wanaolala kitanda kimoja, haipungui. Zinakuwa hofu mbili."

"Sasa atamwambia nani?"

"Mpokezi. Kila mtu mzima ana mpokezi wake."

Mpokezi wa Mwinjuma aliitwa Bi Tamima. Alikaa mtaa wa pili, katika nyumba yenye ua wa makuti, na kila alasiri Mwinjuma alikwenda kukaa naye mpaka jua lilipopoa.

Hebu tuseme ukweli: alipona. Au alianza kupona, na kwa macho ya mkewe yalikuwa yale yale. Sahani ikawa inarudi tupu. Akawa anaimba akioga. Siku moja Sikitu alimkuta akicheka peke yake, akamwuliza anacheka nini, naye akaanza kusema, "Bi Tamima ana maneno..." kisha akakumbuka sheria, akanyamaza, tabasamu likabaki usoni. Sikitu aliliona lile tabasamu lilivyobaki. Alikuwa amesafiri umbali wote ule kwa ajili ya tabasamu hilo. Sasa lilikuwa hapo mbele yake, na lilikuwa la mtu mwingine.

Akawa anamwomba Mungu amponye mumewe, na akimaliza anaomba asiponywe na yule mwanamke.

Alijaribu kujishughulisha. Alikwenda kusikiliza Baraza la Watu Wazima, ambalo kwa siku nyingi lilikuwa likijadili kama pumzi ya kisheria iingie puani au mdomoni. Watu wa pua walikaa kulia na watu wa mdomo kushoto. Mjadala ukapamba moto, mishipa ikawatoka shingoni, hata Mwenyekiti akaamuru ngoma ipigwe ili wote wasimame na kuvuta pumzi pamoja. Wakasimama. Lakini kwa vile hawakuwa wamekubaliana ivutwe vipi, walibaki wamesimama hivyo hivyo mpaka wengine wakaanza kuona kizunguzungu.

Alitembea mitaani pia. Aliona kwamba mtu aliyetulia sana hupewa kitambaa cheupe cha kuweka begani, na kwamba asiye nacho humtazama mwenye nacho kuanzia begani kwenda chini. Jirani yao, Bi Nasiba, alikuwa amekisubiri kitambaa hicho tangu alipoolewa. Aliposikia kwamba mgeni Mwinjuma anafikiriwa kupewa, aliacha kuwasalimia. Sikitu alimuuliza Bwana Raufu kama Washwari hawana wivu. Bwana Raufu akasema neno hilo lilifutwa zamani katika lugha yao. Walichonacho wao ni kuangaliana.

Sikitu, yeye, alikuwa nalo neno hilo, na lilimkaa kooni. Alasiri moja alijifanya anakwenda kuchuma mchaichai, akazunguka nyuma ya nyumba ya Bi Tamima, akachungulia penye upenyo wa makuti.

Alijitayarisha kumwona mwanamke mzuri. Akamwona mama wa makamo, mfupi, mwenye pengo la jino la mbele, amekaa mkekani anasuka ukili, miaa mirefu ya ukindu imemlalia mapajani. Mwinjuma alikaa hatua kadhaa mbali naye, juu ya kigoda. Hawakugusana. Hakuna aliyekuwa akicheka. Mwinjuma alikuwa analia.

Alilia kama watu wanavyolia wakiwa na mazoea ya kulia mahali hapo, bila kujifunika uso. Sikitu alikuwa ameishi naye tangu wote wawili wakiwa vijana. Alikuwa pembeni yake siku walipomzika mama yake Mwinjuma, akamwona akishika chepeo la kufukia kaburi, macho makavu. Hakuwa amewahi kuliona chozi lake. Sasa yule mwanamke mwenye pengo alikuwa analitazama, naye mikono yake haikuacha hata kusuka.

Sikitu alirudi nyumbani bila mchaichai. Aliwaambia shoga zake baadaye kwamba kama angewakuta wamekumbatiana angejua la kufanya. Angeingia, angemshika yule mama nguo, mambo yangekuwa wazi. Lakini utamshtaki vipi mtu kwa kuliliwa na mumeo?

Akaenda Barazani. Mgeni alikuwa na haki ya kusema mara moja, naye akasimama mbele ya watu wa pua na watu wa mdomo, akafunga khanga yake kiunoni.

"Mimi ni msindikizaji," alisema. "Naomba sheria ibadilishwe. Mume wangu ana maneno, na maneno hayo naomba niyasikie mimi. Mimi ndiye niliyekonda naye. Mimi ndiye nitakayerudi naye nyumbani. Bi Tamima atabaki hapa."

Walimsikiliza kwa adabu, maana Washwari wana adabu. Mjumbe mmoja alisema mke aliyejazwa hofu atapika kwa hofu, na chumvi itazidi. Mwingine akauliza kama mwombaji ana cheti cha kupokea. Kisha akasimama mjumbe mwanamke mwenye kitambaa cheupe begani.

"Nimekaa na mume wangu maisha yangu yote," alisema. "Sijui anaogopa nini. Yeye hajui ninaogopa nini. Nyumbani kwetu haijawahi kusikika sauti."

Baraza zima likanung'unika kwa kumpongeza. Sikitu alimtazama yule mwanamke, akaona kwamba anasema kweli, na kwamba hajafurahi.

"Kwa nini hasa unataka kusikia wewe?" Mwenyekiti alimuuliza Sikitu. "Mgonjwa anaendelea vizuri. Anapata usingizi. Unakosa nini?"

"Nina wivu," alisema Sikitu.

Wajumbe vijana walitazamana, kwa kuwa hawakulijua neno. Wakubwa walilikumbuka, wakainamisha macho. Mwenyekiti akashauriana na waliomzunguka, na alipozungumza tena alikuwa na huruma usoni. Ombi la kubadilisha sheria lilikataliwa, alisema. Lakini imedhihirika kwamba msindikizaji naye ni mgonjwa, kwamba alilolitaja ni aina mojawapo ya wasiwasi, ya kizamani lakini inatibika. Kuanzia kesho atakwenda kwa mpokezi. Na kwa vile sheria inataka nyumba moja iwe na mpokezi mmoja, ili maneno yasitawanyike mjini, mpokezi wake atakuwa Bi Tamima.

Alikwenda asubuhi, kwa kuwa alasiri ilikuwa ya mumewe. Bi Tamima alimkaribisha, akampa kigoda kile kile. Akachukua ukili wake.

"Umepumua?"

"Sijapumua," alisema Sikitu. "Nimekuja kwa amri. Unajua nilichokuja kukuambia?"

"Siruhusiwi kujua mpaka useme."

"Nakuchukia."

"Nimepokea," alisema Bi Tamima, akaendelea kusuka.

"Nachukia unavyokaa. Nachukia huo ukili. Nikimwona amekula akashiba, najiuliza umemwambia nini. Nikimsikia anaimba nasema, haya, ni wimbo wa yule mama huo. Nimemuuliza mtu yule mpaka ulimi umeota sugu. Wewe hukumuuliza hata mara moja, umekaa hapo tu, akakumwagia vyote."

"Nimepokea."

"Usiniambie umepokea. Niambie anasema nini."

"Hilo siwezi."

"Kwa sababu ya sheria?"

Bi Tamima alisuka kidogo. Kisha akauweka ukili chini mkekani.

"Kwa sababu sikumbuki," alisema.

Sikitu hakuelewa.

"Dada yangu, nitakuambia jambo, na ukilipeleka Barazani nitavuliwa kazi. Mimi simsikilizi mumeo. Simsikilizi mtu. Zamani, nilipoanza, nilisikiliza, nikaumwa. Kila mtu ananiletea zake, nami sina wa kumpelekea. Mpokezi hana mpokezi, ndiyo sheria. Kwa hiyo nilijifunza kuhesabu miaa. Mtu anasema, mimi nahesabu, akimaliza nasema nimepokea. Wote wanaondoka wamepona."

"Alikuwa analia," alisema Sikitu. "Jana. Alikuwa analia hapa."

"Nilimwona."

"Na hujui alilia nini?"

Bi Tamima alitikisa kichwa. "Nilikuwa namuwaza mume wangu. Mpokezi wake yuko ng'ambo ya soko, ana vishimo mashavuni. Kila siku anakwenda kule. Akirudi anapita mbele yangu amepungua uzito, kama mtu aliyetua mzigo, nami nafikiri: huyo wa vishimo ameshika nini mkononi saa hii ambacho mimi sijawahi kukiona? Ndicho ninachokiwaza kila alasiri. Mumeo analia, mimi nawaza vishimo."

Alisema hayo bila kupandisha sauti. Kisha akamtazama Sikitu moja kwa moja, na macho yake yalikuwa na kitu ambacho Sikitu alikifahamu vizuri sana.

"Wewe umesema umemuuliza mpaka ulimi umeota sugu," alisema. "Mimi sijawahi kumuuliza wangu. Hata sijui nikiuliza sauti yangu itakuwaje. Unafikiri ni wewe tu unayenionea wivu? Mimi pia nakuonea."

Sikitu alitoka pale akiwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya namna mpya. Mumewe alikuwa amechukua kitu alichokificha kwa miaka, akakipeleka kwa mtu ambaye hakukiangalia hata kidogo. Alimwonea uchungu kama vile mtu amemtukana. Njia nzima alikuwa anajisemea: heri angenipa mimi, mimi ningekishika. Lakini alipokaribia nyumbani likamjia wazo jingine ambalo halikumpendeza. Alijiuliza yeye alimpa Mwinjuma nini cha kushika. Miaka yote alikuwa muulizaji. Langoni aliambiwa ataje hofu yake akasema hana, tena alisema kwa majivuno.

Alimkuta Mwinjuma ameketi uani, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, kama Nyumba ya Nyayo ilivyoagiza. Akavuta kigoda akaketi mbele yake.

"Mama Riziki, umepumua?"

"Achana na hayo. Leo sikuulizi una nini. Nataka nikuambie nina nini mimi."

Mwinjuma alitazama uzio wa matete uliowatenga na kwa Bi Nasiba. "Unajua sheria," alisema polepole. "Nami naendelea vizuri. Wanataka kunipa kitambaa."

"Najua." Akasogeza kigoda karibu na beseni. "Ninaogopa utakufa. Tangu ulipoanza kubanwa kifua, silali. Nafumba macho nasikiliza unavyovuta pumzi. Ikichelewa kidogo nakusogezea mguu ili ujitikise, nijue upo. Asubuhi natwanga, nafagia, nacheka na watu, na kichwa changu kizito kama jiwe. Na tangu tufike hapa nina jambo jingine, nina wivu na yule mama. Nilikuchungulia ukilia. Nilitaka niwe mimi ndiye niliyeliliwa. Ndiyo hayo. Sasa unaweza kuondoka, utie vidole masikioni, kitambaa chako kipone."

Mwinjuma hakuondoka. Maji yalikuwa yanapoa kwenye beseni.

"Ulikuwa hulali?" alisema hatimaye.

"Silali."

"Mimi nilikuwa nakuonea wivu kwa usingizi wako."

"Usingizi gani?"

"Nilikuwa nalala macho wazi, nakuangalia umetulia pale, nasema, angalia mwenzio, ameweka kichwa chini amelala, ana moyo safi, haogopi kitu. Kwa kweli nilikuwa nakuchukia kidogo. Unanisogezea mguu, nasema, hata usingizini ananipiga teke."

Sikitu alicheka kabla hajajua anacheka, na Mwinjuma naye akacheka, kisha wote wakaacha. Ndipo Mwinjuma akamwambia. Mkanda wa mashine ulikatika siku moja wakiwa kazini, ukampita usoni karibu kabisa, akausikia upepo wake. Haukumgusa mtu. Mafundi wakafunga mwingine. Na yeye, mnyapara, akapaza sauti kuwaambia vijana wasogee kwenye mashine waendelee, huku mwenyewe amerudi nyuma mpaka mlangoni. Hakuna aliyeona. Tangu siku ile king'ora kikilia anajua atakwenda kuwaamuru watu wasimame mahali ambapo yeye hathubutu.

"Haikuwa na maana nikuambie," alisema. "Wewe ungeniona nani?"

"Ningekuona umerudi nyuma mpaka mlangoni," alisema Sikitu. "Na ningesema, afadhali."

Nyuma ya uzio Bi Nasiba alikuwa amesimama na ufagio, akisikia kila neno. Watu wanasema alisimama muda mrefu kuliko mtu anayesikiliza ili akashtaki. Lakini alikwenda kushtaki.

Bwana Raufu alikuja mwenyewe kuwachukua, na njiani alimnong'oneza Mwinjuma ushauri, Sikitu akiwa nyuma yao anasikia. "Watakuuliza kama ulisikia. Mtu anaweza kuwa karibu na asisikie. Ukisema hukusikia, msindikizaji atarudishwa peke yake kwa kosa la kusema, na wewe utamaliza tiba. Kitambaa kimeshakatwa."

Kwa hiyo Sikitu alisimama mbele ya Baraza hali amekwisha kujua kwamba mumewe ana mlango wa kutokea, na kwamba mlango huo unamtosha mtu mmoja. Hakumtazama. Alitazama mikono yake mwenyewe.

"Bwana Mwinjuma," alisema Mwenyekiti, "ulisikia hofu ya mkeo?"

"Niliisikia."

"Nawe ulimpa yako?"

"Nilimpa."

"Na sasa hivi kifua chako kikoje?"

Mwinjuma alifikiri, kama mtu anayetaka kujibu kwa haki. "Kinabana," alisema.

Wajumbe wakatikisa vichwa. Hata watu wa pua na watu wa mdomo walikubaliana hapo. Mwenyekiti alieleza, kwa ajili ya vijana, kwamba huu ndio mfano wenyewe: mtu alikuwa karibu na kitambaa, mkewe akamwambukiza, na sasa tazama.

"Kinabana," Mwinjuma alisema tena, "naye anajua kinabana. Naomba tuondoke."

Walitolewa mchana ule ule. Bwana Raufu aliwasindikiza mpaka langoni, akawapa kifurushi cha mchaichai mkavu, jambo ambalo halikuwa katika sheria. Bi Tamima alikuwa amesimama kando ya njia na watu wengine waliokuja kutazama. Sikitu alipompita, yule mama alimshika mkono.

"Ulianzaje?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilianza na langu," alisema Sikitu. Bi Tamima akamwachia mkono, akabaki anamtazama anavyotembea na mumewe, na Sikitu alijua kwa mara ya kwanza jinsi inavyokuwa kutazamwa hivyo mgongoni.

Kama Bi Tamima alimuuliza mumewe, au kama bado anahesabu miaa, hatujui.

Mwinjuma hakurudi akiwa amepona. Wiki ya kwanza alikwenda kwa meneja akamweleza habari ya mkanda, akaomba kutolewa kwenye mashine. Walimpeleka ghala la marobota, na unyapara akapewa kijana mwingine. Watu walisema yao, akayasikia. Pumzi alizofundishwa anazivuta mpaka leo, na jioni hutembea na Sikitu hadi mtoni, na kahawa ameiacha isipokuwa ya msibani. Siku nyingine anaamka vizuri. Siku nyingine anasema, "Leo kipo," na Sikitu anaacha alichokishika, anakaa naye kitini. Na zipo siku Sikitu ndiye anayesema.

Ilipita kama mwaka. Jioni moja alikuja Shekiondo, yule kijana aliyechukua unyapara, amekonda, hataki kukaa. Mwinjuma akamtoa nje penye ua. Sikitu alikuwa jikoni, na kupitia dirishani aliwaona wamesimama wote wawili. Shekiondo alikuwa anatazama chini. Mwinjuma alikuwa anaongea, na mikono yake ilikuwa inachora hewani mkanda unavyokatika, unavyopita, mtu anavyorudi nyuma. Alikuwa anaeleza yote, mpaka ule upepo wa usoni. Alieleza kirahisi, kwa mtu ambaye hakuwa na haki nayo hata kidogo. Sikitu alikuwa amedhani maneno yale ni yake yeye peke yake.

Wivu ulimjaa mpaka akaushika ukingo wa meza. Aliusubiri upungue, haukupungua. Akawasikia wanacheka kidogo, kile kicheko kinachotoka kimechanganyika na machozi, akajua kijana naye ana lake na ameanza kulitoa.

Akaongeza maji kwenye sufuria, akaongeza na mchele. Kisha akachukua vigoda viwili akawapelekea, akavitua chini, na akarudi jikoni kabla hawajanyamaza kwa ajili yake.